Nakimbia mara 5 kwa wiki lakini mwendo unazidi kuharibika, nakosea wapi?

Pumzi Fupi:
Wakuu, habari zenu. Miezi miwili iliyopita nilimaliza kilomita 10 kwa dakika 58. Nikanogewa, nikajiwekea lengo la kushuka hadi 55. Ili nijue mwendo wangu nikachukua simu, nikagawanya 58 kwa 10, jibu 5.8. Basi saa yangu ya mkononi nikaipangia 5:08, yaani dakika 5 na sekunde 8 kwa kilomita, nikichelewa zaidi ya hapo itetemeke.

Tangu siku hiyo natoka mara 5 kwa wiki na saa inatetemeka mkononi kama simu ya mwenye madeni. Kilomita ya kwanza naiweza, ya pili kwa mbinde, ya tatu nimeinama nimeshika magoti. Ugoko wa kulia nao umeanza kuuma. Niongeze siku za mazoezi, au ndiyo mwisho wa uwezo wangu?

Hesabu Kwanza:
Mkuu, 5.8 siyo 5:08! Dakika ina sekunde 60. Chukua hiyo 0.8 zidisha kwa 60, unapata 48. Yaani ulikimbia kwa 5:48. Hiyo 5:08 unayoikimbiza ni ya mtu anayemaliza kilomita 10 kwa 51:20. Lengo lako la dakika 55 linataka 5:30 tu.

Pumzi Fupi:
Duh. Nimesoma mara tatu. Wiki zote hizo nashindana na mtu asiyekuwepo 😂

Mama Mbio:
Pole mwanangu, ila hesabu ni nusu tu ya tatizo. Hata ungeweka 5:48 sahihi, huo ni mwendo wa siku ya mashindano. Nani anashindana mara 5 kwa wiki?

Siku nyingi kimbia taratibu, kwako wewe kama 6:50 hadi 7:20. Kipimo changu ni mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, uko sawa. Utapitwa na watu na itakuuma. Waache wapite. Huo mwendo wa pole ndio unaojenga moyo na miguu bila kukuchosha kiasi cha kushindwa kesho yake.

Kisha chagua siku moja ya kasi. Pasha mwili moto vizuri, halafu mita 1,000 mara 5 kwa 5:30, kila moja ukiimaliza unatembea dakika 2 au 3. Ya tano ikiwa nzito kuliko ya kwanza kwa sekunde 15, ujue ulianza kwa pupa.

Lakini ugoko kwanza. Kama unauma hata ukitembea, au ukibonyeza unakuta mahali pamoja panapochoma, usikimbie. Muone daktari.

Mguu Peku:
Mimi saa naifunika na mkono wa fulana. Ile namba ya papo hapo inarukaruka, ukipita chini ya miti au katikati ya majengo marefu inakuambia umelala, mara unapaa. Angalia wastani wa kilomita nzima. Na kwenye mlima usiilazimishe namba, weka juhudi ileile, mwendo utashuka wenyewe na hakuna ubaya.

Ukitaka kujifunza 5:30 mwilini, nenda uwanjani: mzunguko wa mita 400 ni 2:12. Baada ya siku kadhaa miguu inaijua.

Hesabu Kwanza:
Naunga mkono, ila akae njia ya ndani kabisa. Za nje ni ndefu kuliko 400, atadhani amezorota. Na kwenye mashine ya kukimbilia, ile inayoonyesha kilomita kwa saa, gawanya 60 kwa mwendo. Hapo sasa 5:30 unaiandika 5.5, unapata 10.9. Usije ukaandika 5.3 😅

Pumzi Fupi:
Mrejesho wakuu. Nilipumzika siku 6 hadi ugoko ukatulia. Leo kilomita 5, wastani 7:04. Nimepitwa na watu wanne, mmoja alikuwa anaongea na simu. Saa nimeigeuza, sasa inatetemeka nikienda kasi kuliko 6:50. Imetetemeka mara tisa. Mama Mbio, naomba usinigombeze.

Mama Mbio:
Tisa? Wale wanne ulikuwa unawafukuza wewe.