Tupeane uzoefu: Kuizunguka Sisilia kwa gari, miji ya kale na fukwe

Habari za muda huu wakuu. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, mimi na mama watoto tunakwenda Sisilia, kile kisiwa cha Italia, kwa wiki moja. Tunatua Palermo, tunakodi gari na kufuata bahari. Nataka miji ya kale na fukwe, sitaki kukaa hotelini nikitazamana na bwawa. Waliofika washushe uzoefu: barabara, chakula, na wapi nisipoteze muda. Picha nimeona za kutosha, sasa nataka maneno.

Mdau, Milano
Karibu mkuu. Naanza na gari maana huko ndiko hela za wageni zinakoishia. Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi Italia, chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujapanda ndege. Kadi ya dhamana iwe ya mkopo na iwe na jina la dereva. Magari mengi ni ya gia za mkono, kwa hiyo kama unataka otomatiki agiza mapema. Halafu kule wanaendesha kulia. Kwenye kipilefti mwili wako wote utakataa.

Ila cha kuogopa kuliko polisi ni ZTL, yaani maeneo ya katikati ya miji ambako gari lisilo na kibali haliingii saa fulani. Hakuna geti wala askari, ni bango na kamera tu. Kaka yangu alizipita Palermo akifuata ramani ya simu, akarudi nyumbani anacheka. Miezi ikapita, bahasha zikaanza kufika. Kampuni ya gari nayo ilishamkata ada kwa kazi ya kuwapa manispaa jina lake tu. Ada mbali, faini mbali! Acha gari nje ya mji mkongwe, tembea. Mistari myeupe ni bure, ya bluu unalipia, ya njano ina wenyewe.

Mdau, Mombasa
Wote mwakimbilia mashariki, mji wa Taormina na mlima wa volkano Etna. Mimi ningepewa nafasi tena ningekwenda magharibi moja kwa moja. Kutoka Trapani kwenda Marsala achana na barabara kuu, shika ile ndogo ya kando ya bahari. Utaona mabwawa ya chumvi, vinu vya upepo, na marundo ya chumvi yaliyofunikwa vigae vya paa, kimoja kimoja kwa mkono, mvua isije ikayayeyusha.

Kisha shuka Mazara del Vallo. Jeshi la Waarabu liliteremka hapo mwaka 827, na leo mtaa wa kale, wanauita Kasbah, una familia za wavuvi wenye asili ya Tunisia. Vichochoro hivyo mkipishana wawili mmoja ajibanze ukutani. Kula kuskusi ya samaki: supu yaja na bakuli lake, wajimiminia mwenyewe kadiri upendavyo. San Vito Lo Capo nako waipika, na ufukwe wake ni mchanga mweupe hasa, lakini Agosti hupati pa kuweka hata ndala.

Mdau, Muscat
Wa Mombasa kasema kweli. Naongeza kwamba Palermo usiifanye pa kulala tu. Waislamu waliishika mwaka 831, Wanormani, Wakristo kutoka Ufaransa, wakaichukua 1072, lakini mafundi wa Kiislamu hawakufukuzwa. Ingia Cappella Palatina, kanisa dogo ndani ya kasri, inua kichwa: dari ya mbao ya mfalme wao Roger II, imechongwa kwa muqarnas, vijumba vinavyoning'inia kama sega la nyuki, na kuandikwa Kiarabu, na chini yake kuta nzima ni mosaiki za Kikristo, picha za vipande vidogo vya rangi. Shingo iliniuma na sikutaka kutoka. Pale kathedrali, nguzo moja ya baraza la kusini ina aya ya Kurani, watu wanaipita bila kuitazama.

Sokoni Ballarò omba panelle. Ni unga wa dengu unaosongwa, unapoa, unakatwa vipande na kukaangwa, wanakuwekea ndani ya mkate na limau. Ndugu wa bhajia zetu kabisa. Arancine, yale madonge ya wali ya kukaanga, zikiwa za nyama ziulize kwanza kama zina nguruwe.

Mdau, Iringa
Wakristo msiache Siracusa. Matendo 28 inasema Paulo alikaa pale siku tatu akielekea Roma. Kathedrali ya Ortigia, kisiwa chenye mji mkongwe wa Siracusa, imejengwa ndani ya hekalu la Athena la karne ya tano kabla ya Kristo. Nguzo nene za Kigiriki zimo ndani ya ukuta, unaweka mkono. Na San Benedetto il Moro, mtoto wa Waafrika waliokuwa watumwa, alizaliwa San Fratello, mlimani karibu na pwani ya kaskazini, akafa Palermo 1589. Leo ni msimamizi wa Palermo pamoja na Santa Rosalia. Sikuwahi kumsikia hadi nilipofika.

Mdau, Dar
Taormina mnaionea. Kaa juu ya ngazi za ile teatro ya Kigiriki asubuhi mapema, Etna inaonekana kwenye uwazi wa ukuta uliobomoka. Ufukwe wa Isola Bella ni kokoto tu, nendeni na viatu vya maji.

Mleta mada
Asanteni sana. Sasa wiki moja inatosha kuzunguka kote? Na bahari ya Septemba ni baridi?

Mdau, Milano
Bahari bado ina joto, pengine kuliko Juni. Kuzunguka kote kwa wiki moja utaona lami tu, maana barabara ya SS115 ya pwani ya kusini inakwenda polepole. Unatua Palermo, basi mashariki usivuke Cefalù: kathedrali ya Roger II na ufukwe wa mchanga chini ya nyumba za kale, mnaogelea na kuingia kanisani siku hiyohiyo (mama watoto awe na kitenge cha mabega). Halafu geuza, Trapani, Mazara, malizia mahekalu ya Kigiriki ya Agrigento. Mchana maduka mengi yanafungwa hadi saa kumi, huo ndio muda wa kuogelea. Na uwe na sarafu za maegesho, mashine nyingine hazitaki kadi.