Mashine ya kufulia haikaushi inavuma tu, wadau wa Mtwara naombeni msaada

mama_wawili_Shangani
Habari zenu wadau. Nina mashine ya kufulia ile ya matenki mawili, huku inafua huku inakausha, huu mwaka wa tatu haijawahi kunisumbua. Juzi nimefua mashuka vizuri tu nikahamishia upande wa kukausha, nafunga mfuniko nazungusha taima, inavuma mmmmm haiendi. Nikapunguza nguo nikidhani nimezidisha, wapi. Nikajaribu tupu kabisa, hivyohivyo, na kaharufu ka kuungua kakaanza nikachomoa plagi mbio. Fundi kaja, hajafungua hata skrubu moja, kasema mota imekufa nimpe laki na thelathini aagize Dar. Na mvua ndo hizi, nguo siku mbili kwenye kamba zinanuka uvundo tu, hela ya korosho yenyewe haijaingia. Nimpe?

korosho_ghafi
Usimpe hata mia. Anayejua ugonjwa bila kufungua huyo ni mganga sio fundi 😂

mtu_wa_Lindi
Yangu ilifanya hivyohivyo ikawa kapasita, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza, elfu nane tu mchezo umeisha. We isukume kidogo kwa mkono ikiwa imewashwa, ikiondoka ujue ni kapasita.

fundi_wa_Chuno
@mtu_wa_Lindi kaka usimfundishe dada wa watu kuingiza mkono kwenye pipa la kukaushia umeme ukiwepo, likishika kanga linaondoka na mkono.

Dada pole. Mota ikiungua kabisa mara nyingi inakaa kimya, yako inavuma maana umeme unafika, ila kuna kitu kimeishika au haina nguvu ya kuanza. CHOMOA PLAGI, fungua kava la nyuma. Chini ya tenki la kukaushia utaiona mota na juu yake breki, kuna waya mwembamba unapanda mpaka kwenye mfuniko. Mwambie mtoto awe anafunga na kufungua mfuniko we unaangalia: ukifungwa waya unavuta, breki inaachia. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, waya unaota kutu au springi inakatika, breki inabaki imebana muda wote mota inapigana nayo, harufu uliyosikia ndo hiyo. Kama breki inaachia, mfuniko ukiwa umefungwa zungusha shafti, kile chuma kinachozungusha pipa, pale chini kwa mkono. Ikizunguka laini basi kweli fikiria kapasita, ila usishike miguu yake hata kama umechomoa, inatunza umeme ile, na ukinunua nyingine namba zifanane na ya zamani. Ikiwa nzito, kuna kitu kimenasa ndani.

korosho_ghafi
Na umeme mdogo je? kwangu saa moja jioni hata friji inalia

fundi_wa_Chuno
Inawezekana, ndo maana ajaribu asubuhi pia. Ila kama saa zote ni vilevile sio umeme.

mama_wawili_Shangani
Jamani nimerudi!! Mdogo wangu kafungua, waya mzima na breki inaachia, ila kuzungusha nzito kama inasaga mchanga. Akalegeza nati za kwenye shafti kwa chini akanyanyua lile pipa, tukakuta soksi ya shule ya mwanangu. Ilikuwa nyeupe sasa imekuwa rangi ya chai, imejisokota kwenye shafti imekaza kama kamba ya ngalawa, tumeikata kwa wembe vipandevipande. Na mimi mwezi mzima nampigia kelele mtoto kapoteza soksi 🙈

fundi_wa_Chuno
Hahaha muombe msamaha. Kile kisahani cha plastiki cha kukandamizia nguo unakiweka? Usipokiweka nguo ndogo zinapanda zinarukia nje ya pipa.

mama_wawili_Shangani
Nilikitupa kaka, nilijua kimekuja kwa ajili ya kupakia tu. Sasa inazunguka vizuri kabisa ila inadondosha matone chini, kama kijiko hivi kila ikikausha. Ni kawaida?

fundi_wa_Chuno
Sio kawaida. Hiyo ni sili ya mpira ya kuzuia maji kwenye shafti, soksi itakuwa imeichuna. Hiyo sili iko juu ya mota kwa hiyo maji yanaidondokea mota yenyewe. Usikaushe tena mpaka ubadilishe, la sivyo yule wa laki na thelathini atarudi na safari hii atakuwa anasema kweli.