Tupeane uzoefu: hela ya fildi ilikukuta wapi?

Dole Gumba

Wakuu, leo asubuhi nimekaa dirishani kwenye daladala, tukafika kituo kimoja nikaona vijana wawili wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, kila mmoja na bahasha ya kaki mkononi. Mmoja anahesabu sarafu kiganjani, mwenzake anaitazama barabara kama anaipima urefu. Konda akauliza "mnaenda, hamuendi?" Wakaangaliana, wakaanza kutembea. Nikajua tu: hawa ni wanachuo wako fildi, yale mafunzo kwa vitendo, na hela yake haijaingia.

Nikakumbuka mwaka wangu wa pili. Fildi tulianza wiki ya pili ya Julai, hela ikaingia Septemba, siku nne kabla ya kukabidhi ripoti. Wiki zote hizo nimeishi kwa daftari la mangi wa pale mtaani, mpaka nikapewa ukurasa wangu peke yangu. Na kwenye logibuku, daftari la kazi za fildi, kila siku najaza "leo nimejifunza kuandaa hati za malipo". Za watu wengine.

Haya, ilikukuta wapi na uliishije?

Kiti cha Nyuma

Natandika mkeka hapa. Nawasubiri waliolala stendi.

Chaki Nyeupe

Sisi wa ualimu fildi yetu ni bitipii, mazoezi ya kufundisha shuleni. Nilipelekwa sekondari ya kijijini, mwalimu wa fizikia alikuwa kahama tangu Machi. Mkuu wa shule kaniona nashuka kwenye boda, akanikabidhi kidato cha kwanza mpaka cha nne kabla sijatua begi. Hela sikuiona mpaka namaliza. Ila wazazi! Leo unga, kesho maharage, mmoja akaleta jogoo na kusema "huyu ni wa hesabu, mwanangu amepata 41". Hesabu hata sikuwa nafundisha. Nilirudi chuo nimenenepa, wenzangu wakadhani nimeolewa.

Nusu Mkate

Mimi sielewi mnacholalamikia. Chuo kinakupa hela ya bure ukazurure mikoani miezi miwili, halafu mnakuja kulia humu.

Dole Gumba

Ya bure?

Karani Mstaafu

Ndugu Nusu Mkate, keti chini. Hiyo hela haitoki chuoni, ni mkopo kama mkopo mwingine. Bodi ya Mikopo ina mafungu yake: chakula na malazi, vitabu, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Hilo la mwisho ndilo hela ya fildi. Miongozo ya miaka ya karibuni inasema mpaka shilingi 10,000 kwa siku, zisizidi siku 56. Piga hesabu, 560,000 kwa aliyepata yote. Inaandikwa kwenye deni lako, na ukishaajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kabla ya 2016 ilikuwa asilimia 8. Ambaye hana mkopo hapati hata senti, fildi anaisomea mfukoni mwa mzazi.

Nusu Mkate

Mimi nilisaini chuoni, kwa afisa mikopo wa chuo. Nitajuaje?

Kiti cha Nyuma

Uliweka dole ukadhani ni mahudhurio, mkuu.

Nusu Mkate

Kwa hiyo ile simu niliyonunua mwaka wa pili bado nailipia mpaka leo?

Karani Mstaafu

Unailipia. Na iliibiwa, si ndiyo?

Nusu Mkate

Nani kakwambia?

Asiye na Bumu

Nashukuru Karani umetutaja. Sisi tusiokuwa na mkopo tulikuwa tunasikia wenzetu wanalia hela imechelewa, tunaona hata kuchelewa ni neema. Niliomba fildi mahali pa kutembea kwa mguu kutoka nyumbani. Maswali yote ya "kwa nini ulichagua taasisi hii" nilijibu kwa lugha nzuri sana. Jibu la kweli lilikuwa nauli.

Mzee wa Waranti

Vijana, mmenichokoza. Sisi baada ya Azimio la Musoma la 1974 hukutoka kidato cha sita ukaingia chuo moja kwa moja. Ulipita jeshini, ukaenda kazini, mwajiri akuandikie barua kwamba unafaa, ndipo uende. Nilikuwa karani wa ghala miaka miwili. Nilipofika chuoni nikatumwa mafunzo kwa vitendo, nimepewa waranti ya reli, ile hati ya kusafiria bila kulipa nauli, daraja la tatu, siku mbili na ushee mpaka Kigoma. Hatukuwa na hela, lakini hatukuwa na deni.

Nusu Mkate

Mzee, na mlikuwa wangapi chuo kizima?

Mzee wa Waranti

Wachache. Hapo umenishika.

Jirani wa Kaskazini

Huku Kenya tunaita atachimenti. Kabla hujaonyeshwa kiti unadaiwa karatasi ya bima ya ajali, na unaigharamia mwenyewe. Nasoma nikitikisa kichwa tu.

Binti wa Maabara

Naandika hii haraka kabla sijabadili mawazo.

Nilikuwa nakaa mbali na kituo changu cha fildi, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Wiki ya tatu nauli imeisha. Bosi mmoja pale akagundua natembea nusu ya njia, akaanza kunipa lifti. Halafu chakula cha mchana. Halafu meseji za usiku. Mimi sikuwa mjinga, nilielewa kila kitu tangu siku ya kwanza. Ila kukataa lifti kunataka nauli. Siku niliyokataa kabisa, tathmini yangu ya mwisho ikaandikwa "hana ushirikiano". Nilipata C.

Hela iliingia wiki iliyofuata. Huwa najiuliza ingetangulia siku kumi tu.

Chaki Nyeupe

Dada pole sana. Tuko wengi kuliko tunavyosema.

Mkandarasi Mtarajiwa

Ushauri kwa wanaoenda mwaka huu: ombeni mikoa yenye shangazi.

Asiye na Bumu

Usithubutu. Nilikaa kwa shangazi fildi ya mwaka wa tatu. Saa kumi alfajiri nachota maji, nakanda maandazi, napeleka watoto shule, ndio niende ofisini. Kila nikitaka kulalamika naambiwa "si unakula bure?" Panga chumba, hata cha bati.

Mkandarasi Mtarajiwa

Cha bati unalipa na nini? Basi ombeni migodini. Mimi nilibahatika, mgodi mmoja ulinipa bweni, milo mitatu na usafiri. Hela ya fildi yote ilibaki, nikamnunulia mama cherehani.

Kiti cha Nyuma

Mkuu tupishe. Huu uzi ni wa wenye shida.

Mchora Ramani

Mimi nilipoona hela haiji nilirudi nyumbani wiki ya pili, logibuku nikajaza kitandani. Siku zote 56, kalamu tatu tofauti ili ionekane halisi. Nikapata A.

Karani Mstaafu

Umesomea nini?

Mchora Ramani

Ujenzi.

Karani Mstaafu

Taja majengo yako tuyakwepe.

Mchora Ramani

Mnajifanya malaika. Ningebaki kule kupika chai na kutoa kopi ndio ningejua nondo? Afadhali nililala kwetu nikasoma.

Fundi Mabomba

Nimepita kimya mpaka hapa nimeshindwa. Ngojeni niwape ya Sumbawanga.

Mwaka 2016, uhandisi wa maji. Wenzangu walikimbilia Dar na Dodoma, barua yangu ikajibiwa na ofisi moja ya maji huko Rukwa. Nikasema poa, mkoani ndiko kuna kazi. Sikuwa nimewahi kuvuka Tunduma. Nimeshuka kwenye basi usiku, mwezi wa saba, na shati la mikono mifupi. Waliofika huko juu Ufipa, iliko Sumbawanga, mwezi huo wananielewa, ile baridi unaisikia kwenye meno.

Mfukoni elfu sabini. Nikapata chumba kwa mama mmoja mjane, elfu 30 kwa mwezi. Nikalipa wa kwanza, nikamwambia wa pili nitalipa hela ya fildi ikiingia. Akauliza inaingia lini. Nikajibu wiki ijayo. Wakuu, hiyo "wiki ijayo" niliisema mara sita.

Wiki ya nne nikawa nakula kwake. Akiivisha ugali anaita, "Wewe wa chuo, njoo," na hanitazami. Wiki ya sita akaacha kuita. Wiki ya saba nimerudi jioni kutoka kwenye mtaro, maana kazi kweli nilifanya, tulikuwa tunalaza mabomba kijiji kimoja bondeni, nakuta kufuli jipya mlangoni. Vitu vyangu vyote viko nje, vimekunjwa vizuri: nguo, ndoo, blanketi. Kasoro logibuku.

Nikamuuliza. Akasema, "Hicho kitabu nimekuona unakiandika kila usiku, hata siku uliyolala na njaa. Basi ndicho mali yako. Lipa nikupe."

Nikalala stoo ya ofisi na mlinzi, juu ya mabomba ya plastiki. Kesho yake asubuhi simu inaita: mwalimu wetu anayezungukia wanafunzi yuko njiani, atafika saa tano, saa nane anaondoka kwenda Mpanda. Bila logibuku hakuna maksi, na fildi ukiifeli unairudia mwaka unaofuata.

Alipofika nikamweleza ukweli. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Twende kwa huyo mama."

Tumemkuta uani anapepeta maharage. Mwalimu kaamkia, kajitambulisha, chuo, idara, kila kitu. Mama akaweka ungo chini. "Kumbe ana wenyewe! Mwezi mzima nalisha mtoto wa watu nikidhani katoroka kwao. Ndiye wewe uliyemtuma? Basi nilipe." Mwalimu akamwambia, mama, hata posho yangu ya safari hii bado haijaingia. Hapo ndipo nilimwona yule mama anacheka kwa mara ya kwanza.

Akaingia ndani, akatoka na logibuku imefungwa kwenye khanga. Ila hakuitoa. Alikaa kwenye kigoda, akaishika kwa mikono miwili, akawa anafunua yeye ukurasa mmoja mmoja na mwalimu ameinama begani kwake anasoma. Mwalimu akitaka kusaini, mama anaisogeza kidogo tu. Sahihi zote zimekaa upande. Mwishoni akauliza, "Amefaulu?" Mwalimu akasema amefaulu. "Haya," mama akaifunga tena kwenye khanga.

Siku ya kuondoka nilimwachia simu yangu rehani, ndipo akanipa.

Kiti cha Nyuma

Nimesimama kwenye mkeka.

Mchora Ramani

Hii chai, umetunga. Tena ya tangawizi. Mwalimu gani anainama begani kwa mama mwenye nyumba?

Chaki Nyeupe

Mwenye wanafunzi wengine Mpanda na gari moja. Mimi naamini kila neno.

Dole Gumba

Fundi, hela ilipoingia ulimlipa?

Mkandarasi Mtarajiwa

Hilo ndilo swali.

Fundi Mabomba

Deni lote lilikuwa elfu 60 pamoja na chakula. Iliingia nikiwa nimesharudi chuo. Nikamtumia 30.

Dole Gumba

Na 30 nyingine?

Fundi Mabomba

Sikuwa na simu, wakuu. Simu alikuwa nayo yeye.

Karani Mstaafu

Yaani hela ya fildi umenunulia simu, na aliyekulisha ukamwachia kitochi.

Fundi Mabomba

Nilipanga kumalizia na bumu, hela ya mkopo, la robo inayofuata. Likaja na mambo yake.

Nusu Mkate

Leo nimepata mwenzangu.

Mchora Ramani

Na mimi mliniita mwizi wa maksi! Mimi sijala ugali wa mjane.

Fundi Mabomba

Wewe usinifundishe, umejaza siku 56 umelala kwenu.

Binti wa Maabara

Mnagombana nani mbaya zaidi. Huyo mama yupo bado?

Mzee wa Waranti

Mwanangu Fundi, miaka inakwenda. Mjane wa 2016 hakuwa msichana.

Asiye na Bumu

Na ukimtumia usimtumie 30. Piga hesabu ya bei za leo.

Mkandarasi Mtarajiwa

Mfungie safari kabisa, mpelekee shuka la baridi.

Kiti cha Nyuma

Asiende! Atashikwa rehani mwenyewe.

Fundi Mabomba

Namba yake ninayo. Nilimhifadhi "Mama Logibuku". Mwisho wa mwezi namtumia.

Karani Mstaafu

Leo tarehe 27. Mshahara umetoka.

Fundi Mabomba

Umetoka, na asilimia 15 ya Bodi imeshatoka nao.

Dole Gumba

Fundi. Piga simu.

Fundi Mabomba

Nimepiga. Kapokea mtoto, anasema bibi yuko shambani mpaka jioni. Ameniuliza, "Nimwambie nani?"