Naomba ushauri: mdomo wa ndoo ya tole (bati) unanishinda

Wakubwa na ndugu mafundi, jambo. Niko Bukavu, upande wa Kadutu, ninatengeneza masanduku na ndoo nyumbani kwa tole ya zinki ya milimita 0.5. Sina mashine: nina kornieri mbili (vyuma vya pembe, umbo la L), nyundo ya mbao, koleo na tupa.

Kando zilizonyooka hazinisumbui. Ninabana tole kati ya kornieri, ninakunja milimita 8, kisha ninailaza polepole. Shida ni mdomo wa ndoo, kwa sababu ni mviringo. Nikikunja kwa nje unapasuka. Nikikunja kwa ndani unafanya mawimbi. Nilijaribu kusugua kwa tupa tu, lakini zinki inatoka na kutu inaingia haraka. Tena juzi mama mmoja alirudisha ndoo, ilimkata kidole. Iliniuma sana. Kupasha tole moto sitaki, moshi wa zinki ni mbaya kwa kifua.

Sasa ninafikiria kutia waya wa milimita 3 ndani ya mkunjo. Je, niutie tole ikiwa bado bapa, au baada ya kuizungusha? Na niache upana gani ili ifunike waya vizuri?

Aksanti sana.