Mwenye Mafua Asishike Mrija

19:04 Da Zuhura: Kesho saa 10 alasiri, bata mzinga wakishamaliza kutaga, tunawapandisha kwa mrija, yaani tunawatia mbegu za dume kwa mkono. Mwenye mafua, homa au koo linalowasha ASIJE. Kila mtu ajibu.

19:31 Da Zuhura: Mmesoma nyote, alama naziona.

19:40 Hamisi: Mimi napiga chafya tu, da. Kwani bata ataniazima leso? 😂

19:41 Mwanaidi: 😂😂

19:43 Da Zuhura: Chekeni. 2009 mafua ya watu ya H1N1 yaliwapata bata mzinga Chile, kisha Canada na Marekani. Majike ya kutaga. Hawakufa, ila mayai yaliporomoka.

19:45 Hamisi: Si maabara waliwatilia puani wasiugue?

19:48 Da Zuhura: Puani haikushika. Walipoitia kwenye njia ya mayai, ikashika. Sasa kesho kazi yako ni ipi? Unambinya jike, njia ya mayai inachomoza, unaingiza mrija, na pua yako iko shibiri moja juu yake!

19:50 Mwanaidi: Na kuku?

19:52 Da Zuhura: Kuku puani hawashiki. Kware kidogo, chembe zao zina vishikizo, pa virusi kujishikiza, vya virusi vya watu na vya ndege pia.

20:15 Mjomba Salim: Mafua sawa. Na mrija mmoja kwa majike kumi, kama mara ile, mbona husemi?

20:16 Da Zuhura: Mjomba, yale tuliyamaliza. Mbegu zilikuwa zinakaribia nusu saa tangu zikamuliwe, tukaharakisha.

20:17 Mjomba Salim: Uliyamaliza wewe.

20:20 Da Zuhura: Haya. Kila jike mrija wake, glavu ikichafuka ibadilishwe, barakoa ifunike pua, si kidevu.

20:21 Hamisi: Kidevu changu kinasikia baridi 😷

21:02 Bibi Mkubwa: Zuhura, mjomba wako ulimkosea. Mwombe radhi. Hamisi, banda usilikanyage siku saba.

21:26 Hamisi: Sawa bibi.

21:40 Mwanaidi: Ndiyo naona sasa hivi. Banda la pili mayai yamepungua tangu juzi, maganda yamepauka. Nao tuwapandishe?

21:42 Da Zuhura: MWANAIDI! Hilo la kusema saa hizi? Wasiguswe. Angalia kwanza maji, saa za mwanga na chokaa ya chakula. Daktari wa mifugo achukue sampuli ya koo NA ya tundu la nyuma, koo peke yake linadanganya. Wakianza kufa kwa mkupuo, hapo ni mdondo au homa ya ndege, mpigie usiku huohuo.

21:44 Mwanaidi: Basi banda la kwanza nani atashika mrija?

21:45 Da Zuhura: Mjomba Salim? Shikamoo mjomba.

22:38 Mjomba Salim: Marahaba. Tutaona kesho.