Nyumba ya ufuoni Kisumu na notisi ya benki: lipi linawezekana kabla ya mnada?

Mkazi wa Dunga, Kisumu

Hamjambo. Naomba ushauri wa watu wanaoijua sheria ya ardhi na taratibu za benki zetu. Mimi na mume wangu tuna nyumba karibu na Ziwa Victoria, upande wa Dunga, tuliyoijenga kwa mkopo ambao hatimiliki ya kiwanja chenyewe ndiyo rehani yake. Nyuma ya nyumba tuliongeza vyumba vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyokuwa ikilipa sehemu kubwa ya mkopo kila mwezi. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 maji yaliingia vyumbani na wapangaji wakahama. Tukatengeneza, wakarudi wengine. Lilipopanda tena mwaka 2024, ua wote ukawa kinamasi, choo kikajaa, na tangu hapo hatujapata mpangaji wa kudumu. Sasa tumepokea barua ya benki inayotutaka tulipe malimbikizo yote ndani ya miezi mitatu, la sivyo itatumia haki zake juu ya rehani.

Ningependa kujua mambo matatu. Je, miezi hiyo ikiisha benki inaweza kuuza nyumba mara moja? Je, ni afadhali tuiuze wenyewe, ingawa kila mnunuzi anayekuja huuliza kwanza kuhusu maji? Na je, ni kweli, kama jirani yetu anavyosisitiza, kwamba ardhi ikifunikwa na ziwa deni nalo hufutika?

Wakili wa mashauri ya ardhi, Nakuru

Pole sana, mama. Nianze na swali la mwisho, kwa sababu jibu lake lisipoeleweka mapema linaweza kuwagharimu nyumba. Deni halifutiki. Ni kweli kwamba Ibara ya 62 ya Katiba inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, na huenda siku moja mkabishana na serikali kuhusu mpaka wa kiwanja chenu. Lakini mkataba wa mkopo ni ahadi ya kulipa fedha, nayo hubaki hata kama rehani imepungua thamani. Mnada ukishindwa kuzaa fedha za kutosha, benki inaweza kuwashtaki kwa kiasi kilichosalia.

Kuhusu muda, barua mliyoipata ndiyo hatua ya kwanza tu. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinataka mdaiwa aliyechelewesha malipo apewe notisi ya muda usiopungua miezi mitatu, inayotaja kosa lenyewe na kiasi hasa kinachotakiwa kulipwa. Muda huo ukiisha bila malipo, benki haiuzi bado. Inapaswa kutoa notisi ya pili chini ya kifungu cha 96, ya siku zisizopungua 40, ikieleza kwamba inakusudia kuuza, na nakala yake ipelekwe pia kwa mwenzi wa ndoa na kwa wadhamini. Kisha dalali aliyepewa kazi naye hutoa notisi ya siku 45 chini ya Kanuni za Madalali, na hata baada ya hapo mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Hifadhini kila bahasha, na andikeni tarehe mliyoipokea.

Katika muda huo wote mnaweza kulipa na kuikomboa nyumba. Haki hiyo hukoma mauzo yanapokamilika, yaani nyundo ya dalali inapogonga na mkataba wa mnunuzi kutiwa sahihi. Baada ya hapo, aliyeonewa kwa mauzo yaliyokiuka sheria mara nyingi hubaki na haki ya kudai fidia tu, wala si kurudishiwa nyumba. Ndiyo maana huwasihi wateja wangu wasisubiri wiki ya mnada ndipo wamtafute wakili.

Ombeni pia taarifa kamili ya akaunti, si jumla tupu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba inayotozwa baada ya mkopo kuharibika, yaani kuacha kulipwa inavyotakiwa, kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa siku ulipoharibika. Nimeona madai yakipungua kwa kiasi kikubwa baada ya hesabu kupitiwa upya.

Zuio la mahakama, yaani amri ya kusimamisha mnada, linawezekana, lakini si dawa ya kila shida. Tangu uamuzi wa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown wa mwaka 1973, mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba ana hoja yenye uwezekano wa kushinda, kwamba atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na jaji akibaki na shaka, hupima ni upande gani utakaoumia zaidi. Mafuriko peke yake, hata yawe makubwa kiasi gani, hayafanyi notisi iliyotolewa vizuri kuwa batili.

Mthamini wa majengo, Kisumu

Naongeza kuhusu bei, kwa maana hapo ndipo nyumba za ufuoni zinapopoteza zaidi. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi kinailazimu benki kutafuta bei bora inayoweza kupatikana na kufanya uthamini kabla ya kuuza. Bei ikishuka asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya ardhi ya namna ileile, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa hadi benki ithibitishe vinginevyo. Tatizo liko kwenye maneno “ya namna ileile”. Mthamini wa benki akiilinganisha nyumba yenu na viwanja vilivyozama, bei ya chini itaonekana halali. Kwa hiyo wekeni mthamini wenu aliyesajiliwa, afike uwanjani, apime maji yalifika wapi ukutani, na aeleze ni sehemu gani ya kiwanja iliyobaki kavu nyakati zote. Angalieni pia tarehe ya ripoti ya benki: bei ya chini kabisa inayoweza kukubaliwa mnadani inapaswa kutegemea uthamini usiozidi miezi 12, na ripoti iliyofanywa maji yakiwa juu haielezi nyumba ilivyo maji yakiwa yameshuka.

Wanunuzi wanaouliza kuhusu maji wana haki, na ni vyema wajibiwe kwa ukweli. Ziwa hili hupokea sehemu kubwa mno ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Ndiyo sababu hupanda kwa miaka michache ya mvua nyingi na kushuka polepole. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 liliendelea kupanda hadi 1964, na kilele hicho hakikufikiwa tena hadi Mei 2020. Mnunuzi makini atataka kuona mpaka wa ukanda wa hifadhi ya ufuo umewekwa wapi, kwa hiyo ulizeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji na mwiteni mpima ardhi kabla ya kutangaza. Kiwanja chenye mipaka inayojulikana huuzika hata kando ya maji.

Mkazi wa Naivasha

Sisi wa mtaa wa Kihoto tunaijua hali hii vizuri, maana Ziwa Naivasha nalo limetuingilia majumbani. Kaka yangu alikuwa na mkopo kama wenu. Alipoona kodi imekwisha, aliandika barua benki kabla ya notisi ya pili, akaambatisha picha na hesabu ya mapato yaliyobaki, akaomba muda wa mkopo urefushwe na kwa miezi kadhaa alipe riba peke yake. Walimkubalia, lakini mapato hayakurudi, na ninadhani alipaswa kuuza mapema zaidi. Hatimaye aliomba kibali cha kuuza mwenyewe. Benki ilikubali kwa maandishi kwamba itaachilia hati ikipokea fedha zake kupitia kwa mawakili wa pande zote mbili, na aliuza kwa bei iliyolipa deni na kumwachia cha kuanzia upya. Jirani yetu aliyengojea mnada hakupata salio lolote baada ya gharama za dalali kukatwa.

Msilipe malimbikizo kwa mkopo mwingine wa haraka wa simu, tafadhali. Nimeona familia zikiingia humo zikatoka na madeni mawili.

Mkazi wa Dunga, Kisumu

Nawashukuru kwa dhati. Kuna jambo ambalo sikulisema: hati iko kwa jina la mume wangu peke yake, na sina kumbukumbu ya kutia sahihi karatasi yoyote ya benki, ingawa tumeishi katika nyumba hiyo tangu kabla ya mkopo. Je, hilo lina uzito?

Wakili wa mashauri ya ardhi, Nakuru

Lina uzito mkubwa, mama. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali ikiwa tu mwenzi anayeishi humo ametia sahihi au kuna ushahidi kwamba aliridhia. Kabla ya kulitegemea, mwombeni benki nakala za hati zote za rehani na mfanye upekuzi wa kumbukumbu za kiwanja katika ofisi ya msajili wa ardhi, kwa sababu mara nyingi kiapo cha ridhaa ya mwenzi hupatikana ndani ya faili, na ni lazima mjue kama kipo na ni nani aliyekitia sahihi. Kikiwa hakipo, hiyo ndiyo hoja ya kupeleka Mahakama Kuu, na iende mapema notisi ya kwanza ikiwa bado inahesabu siku zake. Wakati huohuo endeleeni kumtafuta mnunuzi na kuzungumza na benki, kwa kuwa hata zuio likipatikana, deni la mume wako litabaki pale pale na riba itaendelea.