Tupeane uzoefu: Kijapani cha kuombea maji kilikuokoa wapi, kikakuumbua wapi?

mwenye_uzi:
Wakuu habari zenu. Mwaka wa tatu huu naendesha kigari kilichotoka Japani, kila asubuhi nikiwasha kuna mdada humo ndani ananiambia "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen". Mi nikajua ananisalimia, namjibu marahaba naondoka. Juzi ndo jamaa aliyesoma huko kanambia dada anasema kadi ya kulipia barabara za kule haijachomekwa. Sasa naenda huko masomoni, naomba waliokaa mnipe vineno vya kuanzia, sio vya kukariri kwenye kitabu, vile vilivyowakuta.

fundi_wa_kenta:
Afadhali wewe. Gereji kwetu malori yanasema "bakku shimasu" yakirudi nyuma, yakikata kona kushoto "hidari e magarimasu, gochuui kudasai", yaani narudi nyuma, nakata kushoto, kuweni makini. Nikaokota hiyo "kudasai", maana yake naomba/tafadhali. Siku kaja Mjapani anajitolea shule ya jirani, nikamwambia "mizu kudasai", nipe maji. Alifurahi huyo, akafungulia Kijapani dakika kumi nzima, mi nikabaki nacho kimoja tu, nikamwambia bakku shimasu nikaondoka kinyumenyume.

binti_fukuoka:
Mie cha kwanza kuniumbua ilikuwa kaunta ya duka dogo, yale yanayofunguliwa saa 24, wao wanaita konbini. Muuzaji anaongea haraka halafu kwa adabu nyingi, mie kila kitu "hai", si nimeambiwa hai ni ndiyo. Nikatoka na mfuko wa kulipia (tangu 2020 mwezi wa saba mifuko ya plastiki inauzwa), chakula kimepashwa moto pamoja na saladi, na vijiti pea mbili. Basi ukisikia "fukuro" ujue mfuko, "atatamemasu ka" ni je nipashe moto, na "ohashi" vijiti. Unataka, sema "onegaishimasu". Hutaki, "daijoubu desu". Hiyo daijoubu ishike sana maana ukidondoka na baiskeli watakuuliza hiyohiyo, "daijoubu desu ka?", uko salama?, na ukiulizwa mfuko ukajibu hiyohiyo inakuwa sihitaji asante.

Na kwa Waislamu wenzangu, hapa nisikilizeni vizuri. Niliingia mgahawa wa rameni, zile tambi za supu, nikasema kwa kujiamini "butaniku nashi de", yaani bila nyama ya nguruwe. Wakatoa vipande vya juu kweli, wakaniletea bakuli, nikasema bismillah nikanywa. Kumbe rameni ya Hakata, hukuhuku Fukuoka, supu yenyewe inachemshwa kwa mifupa ya nguruwe! Wao hawakunidanganya, niliomba nyama isiwepo na haikuwepo. Siku hizi nasema "buta wa taberaremasen, suupu mo dame desu", nguruwe siwezi kula, hata supu haifai.

mzee_wa_nagoya:
Mdogo wangu, vitabuni utafundishwa "ogenki desu ka" kama ndo habari gani. Mi nilikuwa namrushia kila mtu kazini kila asubuhi kama tulivyozoea kwetu, habari ya nyumbani, watoto, wazee. Wiki ya pili mama mmoja wa pale akaniuliza kwa upole kwani naonekana mgonjwa? Hiyo wanamuuliza mtu ambaye hamjaonana siku nyingi. Asubuhi ni "ohayou gozaimasu" basi, na mkikutana koridoni au mkitoka kazini "otsukaresama desu", ambayo ni pole na kazi yetu kabisaaa, mi sijaona tafsiri nzuri kuliko hiyo. Na jirani akikuona umevaa akakuuliza "odekake desu ka", unatoka?, usimweleze safari yako yote, jibu "chotto soko made". Hapo tu mbele. Si ni kama kwetu Tanga tu?

mwenye_uzi:
Hiyo chotto si ni kidogo?

mzee_wa_nagoya:
Ni kidogo, ila ukiomba kitu mtu akavuta hewa akasema "chottooo..." akaishia hapo, ujue umenyimwa. Mi nilitafuta chumba nikasubiri amalizie sentensi, nilisubiri sana.

sensei_uchwara:
Matamshi yasikutishe, a e i o u ni zetu zilezile, ila "desu" na "masu" ile u wanaimeza. Kazi iko kwenye maneno pacha. "Nani" kwao ni nini, mtu ni "dare". "Mimi" ni sikio, kwa hiyo ukijigonga kifua ukasema mimi wanakutazama masikio. "Saba" ni samaki, jamii ya vibua. Dubu sitamwandika hapa, kuna watoto, lakini kuna mkoa kule Kyushu umeanza na jina lake, na kikaragosi chake kimebandikwa kila mahali, mama alivyokuja kunitembelea tukapita stesheni wakawa wanautangaza kwenye spika, mara ya kwanza akajifanya hajasikia, mara ya pili akauliza hawa watu wana wazee kweli?

binti_fukuoka:
😂😂 Mie mkoa huo namwambia bibi nipo karibu na Nagasaki tu.

mwenye_uzi:
Nimecheka hadi machozi. Ila yule dada wa kwenye gari nimeshamjibu leo asubuhi. Nimemwambia daijoubu desu.